Adhana ya Alfajiri, Saa Tano ya Mchana

Ndugu zangu, hili nalisimulia uso umeinama, maana hata leo nikipita Wiyoni hakosekani mtu wa kuniuliza, "Maalim, kumekucha?" nami hujibu alhamdulillahi na kuongeza mwendo.

Binti wa ndugu yangu, Rukia, ndiye aliyetutengenezea programu ya simu ya nyakati za swala. Ilionesha saa za kizungu, na sisi wazee (mimi wa mbele) tukanung'unika kwamba alfajiri yetu ni saa kumi na moja, iweje iandikwe tano? Basi asubuhi ya nikaha ya kijana wetu na binti wa kutoka mji wa Faza, baada ya chai, nikamwambia abadilishe, kwa kuwa wazee wa Faza walikuwa njiani na Rukia alitumaini sana wataichukua kwa misikiti yao.

"Ami, nipe wiki," akasema. "Hesabu na sura nimezichanganya pahali pamoja, hata kengele ya adhana yasoma tarakimu za kwenye kioo. Nizitenganishe kwanza, hesabu ikae peke yake, kioo kiwe cha kuonesha tu."

"Mwanangu, sikwambii ubadilishe swala. Badilisha sura, ni kitu kidogo."

Kwa heshima, akabadilisha. Nikapandisha sauti ya simu hadi mwisho (niwaringie wageni, Mungu anisamehe), nikaitia mfuko wa kifuani, nikaenda msikitini kufungisha nikaha.

Bwana arusi amefungua kinywa aseme nimekubali, kifua changu kikaanza kuadhini. Na hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu kuikata adhana katikati sikuthubutu, mkono ukawa waenda mfukoni na kurudi, wazee wakaitikia kwa adabu, kipaza sauti kikaipeleka mpaka nyumba ya wanawake, ikafika pale pa kusema swala ni bora kuliko usingizi, maneno ya alfajiri tu, na jua linawaka.

"Maalim," mzee mmoja akasema, "bwana arusi hata hajalala, wamwamsha?"

Msikiti mzima ukacheka. Kicheko kingepita, lakini mimi kwa haya nikasema katika kipaza sauti kile kile, "Ni Rukia huyo, ameiharibu programu!" Na Rukia amekaa na wanawake, asikia.

Nikaha ikatimia. Baada ya pilau, Bwana Athmani, baba wa bibi arusi, akaniambia kwa upole, "Sisi Faza tutabaki na saa ya ukutani."

Nilimkuta Rukia kwenye kompyuta yake. "Kioo kiliandika 11:00," akasema, "na kwa simu hiyo ni saa tano ya mchana. Haikukosea, Ami. Ilisoma ulichotaka kukiona." Hakulia. Afadhali angelia.

Wiki ile ile akatenganisha vyote, na tangu hapo haijakosea. Mimi nikapanda boti hadi Faza, Ijumaa baada ya swala nikaomba kipaza sauti, nikasema mtoto aliomba wiki nikamnyima. Wakakubali kuitazama upya, namshukuru Mungu.

Lakini zamani Rukia akitengeneza kitu, hata hakijakamilika, alinijia mbio: "Ami, tazama!" Siku hizi hunitumia kwenye simu, kimekwisha. Namwomba Mungu, Rukia aniombe wiki tena. Nitampa mwezi.