Barua ya Kasoro Zangu

Nyumba yetu ya Ibra, Omani, ilikuwa na majlis isiyokuwa na dari. Kuta nne zilisimama, mlango ulitiwa, mikeka ilitandikwa, na juu palikuwa na mbingu ya Mwenyezi Mungu. Majirani waliona ajabu, maana mwanamme wa Ibra anaweza kukosa mengi, lakini si chumba cha kupokelea wageni. Mama alipoulizwa na wanawake wenziwe, alijibu bila ya kuinua macho kwenye kofia aliyokuwa akiishona: "Dari limekwenda skuli."

Aliyekwenda skuli nilikuwa mimi. Tulitoka Unguja mwanzoni mwa miaka ya sabini, nina miaka kumi na moja, na Kiarabu nilichokuwa nacho kilikuwa cha msahafu: kusoma najua, kuelewa sijui. Skuli ya serikali ilikuwa bure, vitabu bure, na walimu watu wema. Lakini kwa Kiarabu changu kile walinitia darasa la kwanza, pamoja na watoto wa miaka sita. Magoti yangu hayakuingia chini ya dawati, nikawa nakaa upande upande. Baada ya mwaka mmoja baba akasikia kuna skuli ya kulipia Maskati inayosomesha kwa Kiingereza. Kiingereza nilikuwa nacho kidogo, kwa kuwa yeye alikuwa karani Unguja na alinifundisha mwenyewe. Nikapelekwa Ruwi, mtaa wa Maskati, kukaa kwa khalati, dada yake mama, nikawa narudi Ibra mara moja kwa mwezi.

Ada ililipwa mara tatu kwa mwaka. Juu ya ada kulikuwa na basi, sare, vitabu, na ada ya maabara, ambayo hadubini yake moja tuliiangalia kwa zamu. Baba alikuwa karani katika idara ya maji. Kila alipokaribia kununua boriti za dari, karatasi ya skuli ilimtangulia. Sikumsikia akinung'unika. Alivaa miwani, akaisoma karatasi mstari kwa mstari kama mtu anayesoma barua ya posa, kisha akaikunja na kuitia mfuko wa kanzu.

Nilipoingia miaka miwili ya mwisho, karatasi ile iliota mstari mpya: ushauri wa vyuo. Mama alihamaki. "Shauri nalo linauzwa?" Baba alifurahi. "Kwetu shauri hutolewa bure," alisema, "na ndiyo maana hapana anayelifuata." Akalipa.

Mshauri mwenyewe alikuwa mwalimu wetu wa jiografia, bwana mrefu wa Kizungu, mpole, mwenye kikombe cha chai kisichomtoka mkononi. Skuli ilimpa chumba, kiti cha kuegemea na kabati lililojaa vitabu vya vyuo vya Uingereza vyenye picha za majani mabichi. Ushauri wake ulikuwa wa aina mbili. Wavulana aliwaambia wasomee uhandisi wa mafuta, na wasichana aliwauliza swali moja: "Unajua kupiga taipu?" Siku yangu ilipofika nilimwambia sijui kupiga taipu na nataka kusomea ufamasia. Alinitazama, akanywa chai, akaandika neno hilo kwenye faili langu kwa penseli.

Ufamasia haukunijia kwa ndoto. Mtaani kwetu Ibra nilikuwa msichana pekee anayesoma Kiingereza, na kila nikirudi nyumbani wanawake walikuja na chupa zao za dawa zimefungwa ndani ya leso. Huyu anywe kabla ya kula au baada, huyu ampe mtoto vijiko vingapi, huyu dawa yake imekwisha muda tangu mwaka juzi. Nikikaa barazani na chupa zile nilijihisi mtu mwenye kazi duniani. Nilitaka kuijua kazi hiyo sawasawa, na nchi ilikuwa haijafungua chuo kikuu chake. Njia ilikuwa moja tu: chuo cha nje kinikubali, kisha serikali inipe bitha, yaani inipeleke kwa gharama yake. Bila ya chuo kunikubali hapana bitha, na bila ya bitha hapana safari. Baba hakuwa na dari jengine la kuuza.

Chuo kimoja kilitaka, pamoja na matokeo yangu, barua kutoka kwa mzazi ikimweleza mtoto wake. Mshauri alinipa karatasi niipeleke nyumbani. Na hapo ndipo balaa ilipoanza.

Lazima niseme kwanza namna tulivyolelewa. Nyumbani kwetu mtoto hakusifiwa. Baba aliogopa jicho kuliko nge, na alilolihofia zaidi si jicho la jirani bali la mzazi mwenyewe, kwa sababu mzazi ndiye anayemtazama mtoto kwa kupenda na kusahau kumtaja Mungu. Nilipokuwa wa kwanza darasani aliniuliza kama wenzangu waliumwa siku ya mtihani. Mama alichoma ubani, kisha akamwambia khalati kwa simu kwamba nimepasi kidogo kidogo. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," walikuwa wakisema, na mimi nilikua nikiamini kwamba hivyo ndivyo watoto wote wanavyozungumzwa.

Basi baba akakaa Alkhamisi moja, akaandika kwa mwandiko wake wa karani, ulionyooka kama safu ya mitende. Aliifunga bahasha kwa gundi, na kwa adabu sikuifungua. Nilimpelekea mshauri. Naye kwa uvivu hakuisoma. Aliichana pembeni, akaitoa karatasi, akaibana pamoja na nyengine kwa stepla na kuzituma.

Miezi ikapita. Wenzangu waliitwa mmoja mmoja, wakatoka wakicheka. Mimi sikuitwa. Mwisho nikaenda mwenyewe kubisha mlango, na mshauri akapekua kabati na meza mpaka akaipata barua yangu, imekaa wiki mbili chini ya sahani ya kikombe. Chuo kilisema alama zangu ni nzuri, lakini maneno ya baba yangu yamewatia wasiwasi. Watanishikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi, endapo mzazi ana maelezo mengine ya kutoa.

"Baba yako amesema nini?" aliniuliza. Akaitafuta nakala aliyoiweka kwenye faili langu, na kwa mara ya kwanza akaisoma, kwa sauti:

"Binti yangu ni mtoto wa akili za kawaida. Kazi za nyumbani ni mzito. Hatumtarajii makubwa, lakini Mungu ni karimu. Tunaomba mumvumilie."

Mtu yeyote wa Ibra angeisoma barua ile na kujua hapo hapo kwamba baba huyu amejaa furaha mpaka anaogopa kupumua. Wale wa chuo walisoma kilichoandikwa. Nami, niwe mkweli, niliumia. Mila nilizijua, lakini kulijua jambo si sawa na kulisikia likisomwa na mtu mgeni kwa lugha ya kigeni. Nilijiuliza ikiwa labda ndivyo anavyoniona kweli. Nikalia mbele ya mwalimu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Mshauri aliweka kikombe chini. Uso ulimwiva. "Kosa langu," alisema. "Ningeisoma, ningeuliza. Alkhamisi nitakwenda kwenu."

Na kweli akaja. Miaka minne alikuwa akitufundisha jiografia ya Omani bila ya kuvuka milima ya Maskati. Khalati alikaa nami nyuma ya gari na kikapu chake katikati, akiusoma uradi kila kwenye kona.

Baba alitupokea mlangoni. "Shikamoo, baba." "Marahaba. Umekonda." Akamkaribisha mgeni kwenye majlis, na kwa kuwa jua lilikuwa limepanda, mkeka ulisogezwa kwenye kivuli cha ukuta. Mama alikaa nyuma ya pazia la mlango wa ndani. Ikaja halwa, ikaja kahawa na tende. Mshauri alitaka kuanza maneno na tende bado iko mdomoni. "Kula kwanza," baba alimwambia kwa Kiingereza chake cha barua za serikali. Alipotikisa kikombe kwa ishara niliyomfundisha njiani, kwamba kahawa imetosha, ndipo akaruhusiwa kusema.

"Bwana," alisema, "binti yako ana akili?"

"Alhamdulillahi. Mtoto kama watoto."

"Kemia alikuwa wa kwanza."

"Hayo wanayajua walimu."

"Chuo kinataka kusikia kutoka kwako."

"Chema chajiuza," alisema baba, na akaifasiri methali yote kwa taratibu, mpaka kile kibaya kinachojitembeza. Mshauri akajaribu njia ya tatu na ya nne. Baba alikuwa akitokwa na jasho. Nilimwona anataka kunisaidia na hawezi, kama mtu anayeambiwa avue kanzu mbele za watu, na nikamhurumia yeye kuliko nilivyojihurumia mwenyewe.

Mshauri alichoka, akainua uso, akaiona ile mbingu. Aliuliza, kwa adabu tu, kama chumba bado kinajengwa. Baba akamsogezea halwa. Kutoka nyuma ya pazia mama akaniambia kwa Kiswahili: "Mwambie dari limekwenda skuli."

Nikafasiri. Mshauri alizitazama kuta, kisha akanitazama mimi, kisha akainamia daftari lake. Nadhani alikuwa anauona ule mstari wake wa ushauri kwenye karatasi ya ada.

"Baba wa watu mnamtesa bure," mama akaendelea. "Hawezi kusifu, hakufundishwa. Muulizeni kasoro zake huyo mtoto. Hizo atazisema mpaka magharibi."

Nikafasiri na hayo. Mshauri akafungua ukurasa mpya. "Bwana, nieleze kasoro za binti yako."

Baba akashusha pumzi na kukaa vizuri. "Huunguza wali," alianza. "Akishika kitabu, moto hauoni. Tumekula wali wa moshi miaka sita."

"Enhe."

"Mbishi. Jirani yetu alikuwa mjamzito, kapewa dawa hospitali. Huyu akasoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi, akaenda nayo mwenyewe kwa daktari kumwambia mjamzito hapewi dawa hii. Ana miaka kumi na sita! Nilitamani ardhi inimeze."

"Na daktari akafanya nini?"

"Akabadilisha dawa. Lakini si adabu."

Mshauri alikuwa anaandika mbio. Baba alisema kwamba nikirudi nyumbani sipumziki, nakesha kuwaandikia wanawake saa za dawa zao kwa michoro ya jua na mwezi, kwa kuwa hawajui kusoma, na karatasi zake za ofisini zimekwisha kwa ajili hiyo. Alisema siombi kitu, hata viatu vikinibana, na mzazi anapata tabu kujua. Kisha akautazama mkeka.

"Na ana kichwa kigumu. Tulimtia darasa na watoto wa miaka sita. Nilikuwa nikitoroka ofisini, nasimama nyuma ya ukuta wa skuli, nasubiri alie nipate sababu ya kumtoa. Mwaka mzima hakulia. Ilibidi nimtoe bila ya sababu."

Sikuwahi kujua kwamba alisimama pale. Nilijishughulisha na birika la kahawa, maana sikuwa na pengine pa kutazama.

Mshauri aliyapanga maneno yale kurasa mbili, kama yalivyosemwa, na chini yake akaongeza mstari mmoja wa kwake. Akampa baba asome na kutia saini. Baba akavaa miwani. Alitikisa kichwa kwenye wali, akatikisa kichwa kwenye hospitali. Alipofika mstari wa mwisho akakwama. Niliinama nikausoma ule mstari: Baba yake anaona fahari kuwa na binti huyu.

"Nikiukata?" aliuliza mshauri.

Baba akaishusha kalamu juu ya mstari, nami nikangoja aufute. Hakuufuta. Aliandika juu yake, kwa herufi za Kiarabu, mashaallah, akatia saini, akairudisha karatasi haraka kama inamuunguza. Muda si muda harufu ya ubani ikatoka jikoni.

Jawabu lilikuja kabla ya mwezi kwisha. Nafasi nimepata. Chini kabisa mtu wa chuo alikuwa ameongeza kwa mkono wake: ikiwa si usumbufu, wangependa kujua ni neno gani lililoandikwa juu ya mstari wa mwisho. Mshauri akaniambia nijibu mwenyewe. Nilikwenda nayo Ibra, nikaandika rasimu tatu, na ya mwisho ilikuwa fupi: ni neno analolisema mtu anapokitazama kitu chake kizuri, ili kisimpotee.

Nikampelekea baba aangalie Kiingereza. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya kanzu, akaisoma tena. Kisha akanirudishia.

"Mwandiko wako mbaya," alisema.