Kifuniko Nilichokikaza Siku ya Posa

Nimeona haya kuisimulia hii kwa miaka, lakini kwa kuwa Muleba nzima wanaijua, heri muisikie kwangu.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa kijana wa Bukoba niliyejifunza ufundi peke yangu, kwa kufungua vitu na kumwomba Mungu nivifunge, na nilikuwa nimefufua injini kuukuu ya mtumbwi ambayo tangi lake lilikuwa limeliwa na kutu. Ningeweza kuliziba kwa risasi ya kuyeyusha, ningeweza kutafuta tangi la pikipiki, nikachagua debe, nikaliweka juu ya kisanduku ili petroli iteremke yenyewe kwenye mpira wa kwenda kwenye injini. Na kwa kuwa tulikuwa tunakwenda kuniposea, na sikutaka tone limwagikie kanzu ya mtu (hofu hiyo ilininyima usingizi wiki nzima), nikalitengenezea kifuniko chenye ngozi ndani, kikakaza hata harufu haikutoka. Baba wa binti alishasema hampi mtoto wake mtu asiye na ufundi unaoeleweka.

Tukaondoka, mimi, shangazi na mshenga wetu, tukaenda vizuri kifuniko kikiwa kimelegea kidogo, mpaka karibu na ufuko wa kwao binti, Muleba, nilipokikaza sawasawa kwa kuogopa mawimbi; wakwe wamejipanga wanatutazama, injini ikazima. Nikafungua kifuniko, petroli ipo. Nikavuta kamba, ikawaka, nikafunga, tukasogea kidogo, ikazima tena. Mara tano, na debe linabonyea mbavu kama mgonjwa.

"Mashine hii inapenda kuchunguliwa," akasema mshenga.

"Ni kabureta," nikasema (sikuwa na hakika kabureta ni ipi).

Shangazi, aliyepakata debe la rubisi, pombe ya ndizi ya kuwapelekea wakwe, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hujawahi kumimina rubisi? Debe la tundu moja halimimini." Akachukua msumari kwenye zana zangu, akaugongomea kifunikoni kwa kisigino cha kiatu, akauchomoa; hewa ikaingia ikipiga mluzi, debe likanyooka mbavu. Injini ikatufikisha bila kukohoa.

Baba mkwe alikuwa ameona yote. "Yule mama alifanya nini?"

"Shangazi yangu alitoboa kifuniko, baba, hewa ipate kuingia," nikajibu, maana hata uongo unataka ufundi.

Akainama akalichungulia lile tundu, nami nikahesabu vidole vyangu vya miguu.

"Binti tutakupa," akasema. "Ila mashine yangu ya kukoboa kahawa imekufa, na hiyo ataitazama shangazi yako."

Shangazi akaitazama kweli, mbele ya watu wote, nami nimepiga magoti namshikia spana, na hapo hapo nikaapa kwamba sitajisifu tena kwa kitu kisichovuja kabla sijakiona kikifanya kazi.