Nilijianika kama kakao, mkwe akarudi kwao Ndandalo

Wakuu, habari za humu. Haya nimeyafanya kwa mwili wangu mwenyewe, asiyeamini aje Bujonde aulize.

Shule niliishia darasa la nne. Lakini shamba la kakao ninalo, mashine ya kukoboa mpunga ninayo, na sikurithi kitu.

Tatizo langu ni kichwa. Naanza kazi, naiacha, nakimbilia nyingine. Niliwahi kwenda Kasumulu kununua spea ya mashine nikarudi na mbuzi.

Daktari wa Mbeya akasema nina ADHD, hali ya akili kushindwa kutulia. Nikamuuliza, uzee huu? Akasema unayo tangu utotoni, hukupimwa tu.

Akanipa vidonge vya stimulant, vya kuusaidia ubongo utulie kwenye jambo moja. Wakuu, vinafanya kazi. Nilikaa kanisani mpaka matangazo yakaisha.

Niliporudi kliniki wakapima damu, vitamini D iko chini. Daktari akasema tutaiongeza juu ya dawa yako, huenda ikasaidia kidogo, hata jua linaileta...

Niliposikia jua, nikaondoka. Mengine aliumalizia mlango.

Mambo ya kuanika nani atanifundisha? Kakao unaitandaza kichanjani, unaigeuza, inakauka vizuri. Nikapanda kichanjani na kaptula. Vidonge nikaacha, jua si nimelipata.

Mama Lusajo, mke wangu, ndiye mgeuzaji. "Baba Lusajo, upande huu umekauka. Geuka kabla hujapasuka."

Sasa kichanja kiko kati ya jiko la mkwe wangu, mke wa mwanangu Lusajo, na bomba la maji. Kwetu Wanyakyusa mkwe wa kike hakutani na baba mkwe. Akiniona njiani anaingia migombani. Na mimi huyo nimelala uwanjani nusu uchi.

Binti wa watu akakwama jikoni kutwa, hana maji, mtoto analia. Nami bila vidonge nilikuwa nashuka, nasahau nilichoshukia, napanda tena. Kila akichungulia, nipo.

Siku zikapita, akafunga nguo zake, akambeba mjukuu wangu wa pekee, akaenda kwao Ndandalo.

Lusajo akanikuta kichanjani. "Baba, umemfukuza mke wangu kwa kuota jua?"

"Natibiwa."

"Basi utatibiwa peke yako. Asiporudi, na mimi nahamia huko."

Hapo nilishuka.

Kumfuata siwezi, kuongea naye siwezi. Mama Lusajo akanirudisha kwanza kwa daktari. Yule bwana alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe vitamini D yenyewe ni kidonge, unameza na chakula, unaongezea kwenye dawa yako, hubadilishi. Akasema usitegemee miujiza, stimulant ndiyo inabeba mzigo.

Mama Lusajo akaenda Ndandalo kuniombea msamaha. Mkwe akajibu atarudi akipata njia yake ya bombani, yenye uzio wa matete.

Nikameza dawa zote mbili, nikashika jembe. Nilianza asubuhi, jioni nikafunga tete la mwisho. Lusajo alisimama akaniangalia, akasema tu, "Ndaga fijo, baba." Kwetu ndiyo asante sana.

Funzo: msikilize daktari mpaka anyamaze, na dawa ya nyongeza usiifanye dawa kuu.

Wenye ADHD mnaotumia na vitamini D, semeni mnaendeleaje. Wa kunicheka nao waje, nina nafasi.

Naishia hapa. Kuna ndoo inagonga upande wa pili wa matete, na mjukuu anapiga kelele. Sichungulii.