Watu wa Kukaa Kiti cha Nyuma

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya Jumamosi, baridi ya Johannesburg imekaza, nimesimama kwenye uwanja wa gereji moja hapa hapa Rosettenville na gunia la mchanga begani, na mzee mmoja ananitazama kwa huruma. Siku hiyo imenirudia tangu juzi ulipoliacha gari lako kwangu. Vuta kiti, usiwe na haraka. Kazi uliyoniletea ndiyo niliyompelekea mimi mzee huyo, na swali nililokuuliza ukainamia simu yako ndilo aliloniuliza yeye.

Nilikuwa kijana kama wewe, na mjini hapa nilishakaa miaka ya kutosha. Nyumbani Tanga nilikuwa nimewaambia kwamba nafanya kazi ofisini, kule Sandton. Ukweli ni kwamba nilikuwa nabeba maboksi katika duka la jumla katikati ya jiji. Kwa kuogopa habari zisije zikamfikia mama, niliwakimbia watu wote wa kwetu. Nikisikia Kiswahili ndani ya teksi, natazama dirishani. Mtu akinisalimu, namjibu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, naye anakwenda zake.

Nilichokuwa nacho ni gari. Nililishusha chini, nikalivalisha tairi pana, nikapiga picha nimeegemea mlango, nikamtumia mama. Lilikuwa gari zuri, sikufichi. Ila kila likiingia kwenye shimo, tairi la nyuma linasaga ukingo wa madigadi na harufu ya mpira ulioungua inanijia puani. Na hapo nilikuwa peke yangu ndani, mwembamba nisiye na tumbo hili unaloliona.

Nikaelekezwa kwa Papa Byamungu, Mkongo wa Bukavu, fundi bodi. Ule mkono wa chuma wa kukunjia ukingo wa madigadi, ulioning'inia ukutani hapo nyuma yako ulikuwa wake. Alilitoa tairi, akaosha matope yote yaliyoganda ndani ya madigadi, kwa kuwa punje moja ya mchanga ikibaki huchana rangi. Akafunga mkono ule wa chuma pale tairi lilipokuwa, kigurudumu chake kigumu kikielekea kwenye ule ukingo wa ndani. Halafu akachukua mashine ya kupuliza hewa ya moto, akawa anaipitisha taratibu huku anagusa bati kwa kiganja, jinsi mama anavyogusa paji la mtoto mwenye homa. Rangi ikiwa baridi hupasuka, lakini ikipata joto la kiasi hukubali kupinda pamoja na bati lake. Akabana kidogo, akasukuma na kurudisha, akapasha moto tena, akabana tena kidogo. Mimi nilikuwa nahema kwa kukosa subira, naye wala hakushughulika nami.

Alipomaliza pande zote mbili, rangi ilikuwa inang'aa vilevile, haina hata ufa. Nikanyoosha mkono kuchukua funguo. Akazitia mfukoni.

"Sasa leta batu," akasema. "Batatu nyuma, moya mbele. Tuzunguke, tusikilize kama tairi inagusa."

"Watu gani, Papa?"

"Batu bako."

Nikamwambia wako kazini. Kisha nikaona aibu ya uongo huo, nikavuka kwenda kwa waliokuwa wanajenga ukuta jirani, nikaomba gunia la mchanga. Ndipo nikawa nimesimama vile nilivyokueleza.

"Aah, petit," akasema Papa Byamungu akilionyesha gunia. "Saki inaikalaka tu. Batu banainamaka mu kona, banachekaka, banasogea. Ukipima na saki, gari itakudanganya." Akanitazama kwa muda. "Kweli hauna hata batu bane mu Joburg hii yote?"

Hakuniuliza kwa dharau. Angenidharau ningekasirika, mambo yakaisha. Aliuliza kama anayetaka kujua. Nikaweka gunia chini, nikarudi nilikopanga kwa miguu.

Njiani nikayakumbuka maneno niliyokuwa nikiyasukuma mbali kwa muda mrefu. Chumba cha pili yangu waliishi watu wa Tanga hasa: dada mmoja aitwaye Mwanaidi, mumewe Salimu, na mama yake Salimu. Ukuta ulikuwa mwembamba. Kila jioni nawasikia wakicheka, nasikia harufu ya nazi ikiungwa kwenye kitu, nami nakula mkate na chai. Wao walidhani mimi ni Mmalawi. Basi walikuwa wanazungumza bila kujificha, na jioni moja nilimsikia yule mama akisema, "Huyu kijana wa watu hapa pembeni hana mgeni, hana ndugu. Siku akifa, tutajua kwa harufu." Hakusema kwa ubaya. Alisikitika kabisa, akanyamaza, na Mwanaidi akasema hata yeye humwonea huruma. Mimi nimelala upande huu, macho juu, nayasikia yote kwa lugha ya mama yangu. Sijapata kuwa mpweke maishani mwangu kama jioni ile.

Nikafika, nikasimama mlangoni kwao. Nikasema, "Hodi."

Neno hilo sikuwa nimelitamka tangu niondoke nyumbani. Mwanaidi akafungua, akanikuta mimi, akachungulia nyuma yangu kumtafuta aliyebisha.

"Ni mimi, dada," nikasema. "Mimi wa hapo pembeni. Mimi ni wa Tanga."

Akaweka kiganja mdomoni. Niliona kwenye macho yake anavyoyapitia maneno yote ya ukutani, moja baada ya jingine. "Kwa hiyo ulikuwa unatusikia?"

"Nilikuwa nawasikia."

Yule mama alikuwa ameketi mkekani, kanga begani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, kisha akaitikia tena, na chozi likamtoka. Nikawaeleza shida yangu: gari linataka watu wa kukaa nyuma, na mimi sina. Nilitegemea wacheke. Salimu alikwenda kutafuta koti lake. Mama akasema, "Ngojeni nivae viatu."

Papa Byamungu alipotuona tunaingia uwanjani akatoa funguo mfukoni, akanipa. Akakaa mbele na mimi, wao watatu nyuma, mama upande wa kushoto. Gari likashuka mpaka nikaogopa. Tukazunguka mitaa hii ya miinuko, wote tumetega masikio nyuma. Tulipokata kona baada ya roboti, yaani taa za barabarani, mama akamlalia Mwanaidi, gari likainama, na tairi likasaga.

"Umesikia?" akasema mzee. "Saki haingetuambia."

Tukarudi. Akapasha moto tena, akabana kidogo tena. Wale watatu wakakaa juu ya ndoo za rangi zilizopinduliwa, wakaniuliza mimi mtoto wa nani, wa mtaa gani, na ninafanya kazi gani. Nikawaambia nabeba maboksi. Salimu akasema naye alianza hivyohivyo, akaendelea na habari nyingine. Miaka yote niliyojificha, nilikuwa najificha kwa jambo ambalo watu walilipokea kwa sentensi moja. Tulipozunguka mara ya pili, gari lilikuwa kimya, na waliokuwa wanapiga kelele ni wao.

Mwanangu, nisikudanganye kwamba upweke uliisha moja kwa moja. Mwanaidi na Salimu walirudi Tanga, baada ya kumzika yule mama hapa hapa, na jeneza lake nililifuata kwa gari lile lile likiwa limejaa watu. Papa Byamungu naye ametangulia, akaniachia mkono wake wa chuma na ufundi wake. Wanangu wamekulia hapa, Kiswahili wanakisikia lakini hujibu kwa Kizulu, na kunitembelea ni mpaka wapate nafasi. Jioni nyingi nakaa na redio. Lakini sijifichi tena. Nikisikia Kiswahili dukani nageuka, nasalimu, hata nikionekana mzee msumbufu.

Na juzi nilikuuliza, nani anakaa nyuma ya gari hili? Ukasema, "Eish, mzee, huwa niko peke yangu tu." Ukaweka funguo mezani, ukaondoka, na tangu hapo nimekosa raha.

Basi nasaha yangu ni hii, na si ndefu. Usiwakimbie watu kwa sababu ya ulichowaambia walio nyumbani. Sema kazi unayofanya. Jirani anayeongea lugha yako, mbishie hodi kabla hujapata shida, usingoje kama mimi mpaka fundi akukatalie gunia lako. Na madigadi ukitaka yapinde bila kupasua rangi, yapashe moto kwanza, halafu nenda kidogokidogo. Hata mtu uliyekaa mbali naye muda mrefu mwendee hivyohivyo.

Gari lako limekwisha. Rangi nzima, ipitishie mkono uone. Lakini funguo ninazo mimi, na sikupi mpaka tulipime. Nenda ukatafute watu. Ukimpata mmoja tu, njoo naye. Ukikosa kabisa, njoo hivyohivyo, nitafunga gereji mapema nikae nyuma mimi. Uzito ninao, na jioni sina pa kwenda.

Mungu akulinde na barabara za mji huu, akufungulie milango utakayobisha, na akujazie gari hilo watu mpaka lishuke.