Siku Njombe Iliposhangilia Wageni

Nakumbuka siku ambayo watu wa Njombe walijaza uwanja wa mpira wa kikapu hadi wengine wakapanda juu ya magogo, na kila timu yao wenyewe ilipokosa kikapu, wakapiga makofi. Nilikuwa miongoni mwao, mwanangu, na mikono yangu iliwaka moto kwa kupiga.

Ili unielewe, nirudi nyuma kidogo. Nilikuwa kijana niliyemaliza shule, kazi yangu kuandika habari za michezo kwenye ubao wa matangazo wa parokia. Mfanyabiashara mmoja wa mbao, Mzee Mligo, alikuja na wazo lililowachekesha wengi: timu ya vijana wanaolipwa mshahara ili wacheze, si vijana wanaocheza wakishatoka shambani. Makao yake yangekuwa Njombe mjini, na wachezaji wangetoka Njombe na Makambako. Angejaribu msimu mmoja. Mji ukiipenda timu, itabaki. Usipoipenda, kila mtu arudi kwao.

Kocha akachagua watano wa kuanza. Wanne walikuwa wa Makambako. Rafiki yangu Festo, ambaye sisi tulimwona bingwa, akapewa benchi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Makambako ni njia panda; reli inapita pale, malori yanalala pale, na watoto wa pale walicheza na kila mgeni aliyepita, wakaokota hiki na kile. Huku kwetu juu ukungu ukishuka mpira unateleza kama sabuni, nasi tunakimbilia jikoni kuota moto. Nililijua hilo vizuri. Lakini kulijua jambo hakuzuii kifua kuchoma. Niliyemwonea wivu zaidi ni Baraka, mtoto wa fundi wa magari wa Makambako. Aliruka kama mtu anayetafuta kitu juu ya kabati. Wasichana wa mtaani kwetu walilijua jina lake kabla hajamaliza wiki. Hata mama yangu akasema, "Yule kijana wa Makambako ana adabu, anasalimia." Siku hiyo sikumaliza ugali wangu.

Uwanja wenyewe ulijengwa kwa mgowe. Kwenu mliokulia mjini niseme: mgowe ni kazi ya kuitana. Leo mnalima kwangu, kesho tunalima kwako, mwenye shamba anapika. Watu wa Makambako walikuja na makoleo yao, wakasawazisha udongo, wakamwaga zege, wakala viazi vyetu, wakarudi kwao. Baadaye nao wakatuita tukawasaidie uwanja wao wa mazoezi. Hakuna aliyekwenda. Tulisema mvua. Mvua haikunyesha.

Ndipo ikaja mechi na timu kutoka Mbeya. Ilianza kama mzaha. Baraka alikosa kikapu cha wazi, na mtu mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Mrudisheni stendi akauze karanga!" Tukacheka. Mbeya wakafunga, tukapiga makofi. Kufika mapumziko, ungedhani uwanja uko Mbeya.

Baraka akaja kunywa maji karibu na niliposimama.

"Kaka, kwani nyie mko upande gani?"

"Tunashangilia mpira mzuri," nikamjibu.

"Haya. Basi na sisi tukifunga msisahau kwamba ni mpira," akasema, akaweka kikombe chini.

Aliyetukemea alikuwa mama yake Mzee Mligo, bibi mfupi aliyekuja na sufuria la viazi vya kuchemsha kwa ajili ya wachezaji. Tulimwamkia, "Kamwene, bibi," hakuitika. Alisimama mbele yetu na mwiko mkononi.

"Mtu akija kwenye mgowe wako, unamwuliza jembe lake liko wapi. Humwulizi amezaliwa wapi. Hawa wamewamwagia zege mnalokanyaga. Nyie mmewafanyia nini?"

Mmoja wetu akajitetea, "Bibi, timu ni yetu, ila wanaocheza ni wao."

"Na mahindi ya shamba lako yakipaliliwa na jirani, utayazomea yasizae?"

Watu waliangua kicheko, nami nikacheka. Kisha kipindi cha pili kikaanza, tukaendelea kuwapigia Mbeya makofi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tulifungwa. Mzee Mligo hakugomba. Alisema watu walikuja wengi kuliko alivyotarajia, na alichotaka kukijua kuhusu mji huu amekijua. Timu ikavunjwa. Baraka akaenda Dar es Salaam, akacheza huko miaka mingi. Festo, ambaye tulikuwa tunamtetea, akarudi kupasua mbao na hakucheza tena popote. Uwanja ukawa wa kuanikia mahindi, na ubao wangu wa parokia ukabaki na matangazo ya ndoa.

Sasa umekuja wewe, mjukuu wa Festo, na swali lilelile: je, Njombe inaweza kubeba timu ya kulipwa? Nimelipima. Watu wapo. Parachichi na mbao zimeleta wenye uwezo. Baridi inataka paa, na safari za mechi ni ndefu, hayo yanazungumzika. Lakini juzi nilipita Makambako nikawakuta vijana wao wakicheza chini ya taa, huku uwanja wetu una nyasi kwenye nyufa. Kifua kikachoma vilevile. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi nakuusia, mwanangu. Usijidanganye kwamba hutaona wivu. Utauona, na utakuja umevaa nguo za haki. Uupe jembe ufanye kazi. Mwenzako akikupita, nenda ukaangalie anavyofanya mazoezi, umwulize, kisha ushindane naye mpaka umpokonye namba. Lakini siku akivaa jezi yenu, makofi yako ni yake. Mji unabeba timu pale watu wake wanapoweza kuvumilia kuona mtoto wa jirani akishangiliwa. Chanda chema huvikwa pete, hata kikiwa cha mkono wa mwingine.

Mungu akupe miguu myepesi na mabega ya kubeba sifa za wenzako. Akuzeeshe bila kijicho, maana mimi nimezeeka nacho, na hakinenepeshi.

Umeniambia timu ikishindikana utapanda basi la Dar es Salaam. Sikulaumu. Kamati ya timu hii mpya, ya watu wa Njombe na Makambako, ilikaa tena wiki iliyopita: kocha yupo, mipira ipo, wachezaji mmeshachaguliwa. Wamekwama kwenye jina. Wa huku wanataka iitwe Njombe, wa kule wanataka iitwe Makambako, na kikao kimeahirishwa. Jezi zimeshashonwa, ziko kwa fundi, na vifuani bado hazijaandikwa kitu.