Amri Kumi Kinuni

Asifiwe Mungu aliyeiumba milima ya Uluguru na ukungu wake wa asubuhi, ambaye hakuona haya kuingia katika nyumba ya udongo isiyo na dirisha na kuniita humo kwa jina langu. Yeye nimshukuru kwanza, ndipo nisimulie.

Nilizaliwa mlimani juu, mahali ambapo mji wa Morogoro ulionekana chini kama majivu yaliyomwagwa bondeni. Enzi hizo walitawala Wadachi, ndio Wajerumani. Boma lao lilikuwa mjini, na gari moshi lilikuwa limeanza kufika kutoka pwani. Siku za hewa tulivu mlio wake ulitufikia hata sisi, na bibi yangu akiusikia alisema, "Huyo naye analia njaa." Misheni ya mapadre ilikuwa kwenye mgongo wa mlima wa pili: unashuka hadi mtoni, unavuka, kisha unapanda mpaka magoti yaombe msamaha.

Mama yangu alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa kwetu kubatizwa. Alifariki nikiwa mdogo. Siku ya mwisho alimshika bibi mkono akamwambia, "Mama, mtoto wangu naye apate maji." Bibi hakuwa amewahi kukanyaga kanisani. Alijibu, "Atayapata."

Nilipokua nikaanza mafundisho, na nikaambiwa kwamba Pasaka ijayo nitabatizwa. Miezi michache kabla ya Pasaka hiyo nikavunja ungo.

Kwetu msichana akivunja ungo anakuwa mwali. Anawekwa ndani, asionwe na mwanamume, sauti yake isisikike nje, mpaka ukoo utakapomtoa kwa ngoma. Wengine walikaa mwaka, wengine zaidi. Anayewafunda ni kungwi, na kungwi mkubwa wa vilima vyetu vyote alikuwa bibi yangu huyo huyo. Anayesema mwali atoke lini ni mjomba, kwa kuwa kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba wangu alikuwa mwana wa bibi, mtu mpole wa sura na mgumu wa neno.

"Mwali haendi popote," alisema. "Akipita njiani mchana akienda kwa Padre, ukoo mzima tutachekwa."

"Na Pasaka je?" bibi akauliza.

"Pasaka hurudi kila mwaka, mama. Heshima hairudi."

Nililia ndani humo. Niliona ahadi aliyopewa mama imekwama kati ya watu wawili ninaowapenda. Bibi hakubishana. Alfajiri alijifunga nguo yake, akashuka mtoni kwenda misheni.

Mwalimu wa dini alikuwa kijana aliyelelewa na mapadre wa Bagamoyo. Alimkuta bibi ameketi kati ya watoto.

"Bibi, umepotea njia?"

"Sijapotea. Mjukuu wangu yuko ndani. Nipe maneno, nimpelekee."

"Maneno ya Mungu hayabebwi kama kuni, bibi."

"Mwanangu, nimebeba kuni na nimebeba maneno tangu hujazaliwa. Maneno ndiyo mepesi."

Watoto wakacheka. Binti mmoja akasema, "Atabatizwa na meno yake mawili!"

"Mawili yanatosha kukung'ata wewe," bibi akamjibu, na somo likaanza.

Tangu siku hiyo alikwenda kila siku ya mafundisho, mvua isinyeshe, inyeshe. Akirudi alisogeza kinu mpaka ukutani, nje ya pale nilipoketi, akaanza kutwanga. Kila pigo la mchi lilibeba neno moja, nami ndani nikalirudia. Kinu kilikuwa na kazi mbili: kilimkumbusha bibi mafundisho, na kilifunika sauti yangu nisisikike njiani. Tulitwanga Baba Yetu, tukatwanga Salamu Maria, tukatwanga Amri za Mungu. Mahindi yalitwangwa hata yakachoka. Majirani wakaletewa unga ambao hawakuuomba, na mjomba akasema siku moja akila, "Ugali wa siku hizi ni laini kama wa mgonjwa. Kuna nini?"

"Mikono yangu imepona," bibi akasema.

Kwaresima ilipoingia, mwalimu alimwambia kwamba Padre lazima amsikilize kila atakayebatizwa. Padre aliagiza nitoke niende kwake.

"Mwambie Padre miguu anayo," bibi akasema.

Padre akaja. Alikuwa mzee Mzungu mwenye ndevu zilizojaa vumbi la njiani, akifuatana na mwalimu. Mjomba alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Padre hamwoni mwali," alisema.

"Hatamwona," bibi akamjibu. "Ukuta upo."

"Wala hasikii sauti yake."

"Nitakuwa natwanga. Atakachosikia ni kinu."

"Mama, unanichezea."

"Ninakuchezea, ndiyo. Lakini kubali."

Mjomba akatikisa kichwa, akakaa kwenye kigogo. Padre akaniuliza kupitia ukutani amri ya nne ya Mungu. Niliijua, lakini niliijua kwa mapigo ya mchi, na mapigo huanza mwanzo. Bibi alielewa mara moja. Akanyanyua mchi akapiga la kwanza, nami nikafuata: la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne nikasema kwa nguvu, "Waheshimu baba na mama." Tukaendelea, usiue, usizini, usiibe. Baada ya usiibe mchi ukapiga nami nikasema kwa uhakika ule ule, "Mkweo usimjibu ukiwa umesimama."

"Hiyo ni amri ya ngapi?" Padre akauliza.

"Hiyo ni yangu," bibi akasema. "Niliona pana nafasi, nikaitia."

Mwalimu alicheka hata akashika ukuta. Padre naye, aliyekuja na uso wa kukemea mila zetu, alifuta macho akasema, "Haikutoka Sinai, lakini si dhambi." Akaniuliza mengine mengi, nikayajibu yote. Mwishowe akasema, "Amejua kuliko wanaokaa mbele yangu. Jumamosi Kuu asubuhi awe mlangoni mwa kanisa."

Wote wakamgeukia mjomba. Yeye alikuwa akimtazama mama yake, jasho likimtiririka shingoni, mchi ungali mkononi.

"Ile ya nne," akamwuliza Padre, "ya kumheshimu mama. Nayo imo katika dini yenu?"

"Imo."

Padre akaondoka. Bibi akaegemeza mchi ukutani, akamwambia mwanawe, "Mimi sikumwahidi Padre. Nilimwahidi dada yako." Mjomba akaenda zake shambani.

Siku zikapita bila neno. Mimi nilisali ndani, bibi hakutwanga. Ijumaa Kuu jioni nikasikia hatua za mjomba uani.

"Mama, mpake mafuta," alisema. "Mvike shanga za ukoo. Mwali anatoka kesho."

Asubuhi wanawake wa kilima chote walikuwa uani. Mwali kwetu hatoki kwa miguu yake, hubebwa mabegani. Mjomba aliinama, nikapanda. Alinibeba kushuka hadi mtoni, akavuka maji yakimfika magotini, akapanda mlima ule wa misheni bila kumpa mtu mwingine zamu. Vigelegele havikukatika. Mlangoni mwa kanisa alinitua taratibu.

"Padre," alisema, akihema, "huyu ni mwali wetu. Hakutoroka. Tumemtoa wenyewe. Mpokeeni."

Nimeona makubwa katika maisha yangu, na sijapata kutembea kwa fahari kama nilivyotembea kuingia mlango ule, shanga za ukoo shingoni, bila kumwacha nyuma hata mmoja wa watu wangu. Maji yaliponimiminikia nilisikia nyuma yangu fimbo ikigonga sakafu, pigo kwa pigo. Bibi alikuwa bado anatwanga.

Alinitania baadaye kwamba yeye alikuwa mchukuzi tu, mzigo haukuwa wake. Lakini Pasaka iliyofuata alisimama pale pale abatizwe, na meno yake mawili, na Padre alipomwuliza ni nani aliyemfundisha, alisema, "Mjukuu wangu, nyuma ya ukuta. Mimi nilikuwa napeleka, na yeye alikuwa ananirudishia."

Nimefundisha dini wasichana wa vilima hivi kwa miaka mingi. Watu huniuliza mtu anaishije na Mungu kila siku. Mimi huwaonyesha kinu kile. Kimepasuka ubavuni lakini bado kinatwanga. Neno moja, pigo moja, kesho tena.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana akubariki wewe na mikono yako. Akupe mtu wa kukuletea neno lake siku utakapokuwa nyuma ya ukuta, na akupe mabega ya kukubeba siku ya kutoka. Amina.