Landrova ya Baba Ilivyotoka Kinyumenyume

Video mmeshaiona, najua, na yule kijana wa bodaboda aliyeirusha kwenye magrupu alikata mwanzo akakata na mwisho, akabakiza kipande cha aibu peke yake, kwa hiyo acheni nieleze mwenyewe. Ndiyo, ni mimi. Yule mwanamke wa kitenge cha njano aliyepanda juu ya lundo la pamba na Landrova, kinyumenyume, huku akina mama watano wa jumuiya wamekaa nyuma wanapiga mayowe, ni mimi Minza, fundi cherehani, mama wa watoto wanne, mtu mzima na akili zangu. Aibu ninayo, siwezi kukataa. Lakini hasira niliyo nayo inazidi aibu, na mtanivumilia.

Ile Landrova ilikuwa ya marehemu baba. Ilibeba pamba, ikabeba wagonjwa, ikabeba maharusi, na baba alipofariki ikaegeshwa kule nyumbani kwa mama, nje kidogo ya Bariadi, miaka na miaka, mpaka kuku wakawa wanaatamia kwenye kiti cha dereva. Hakuna aliyeshughulika nayo. Sasa mwaka huu kaka yangu mkubwa, Masunga, akaja na maneno kwamba kuna watu wa vyuma chakavu wana lori, waje walibebe hilo kopo, linachafua mji. Kopo! Gari lililomzaa yeye (kwa kweli alizaliwa ndani yake, njiani kwenda hospitali, muulizeni mama) leo analiita kopo. Nikasema mbele ya ukoo wote, nitaitengeneza. Wakacheka. Masunga akasema, "Haya dada. Siku ya kikao cha ukoo, ikitoka kwenye lile geti yenyewe bila kusukumwa, ni yako. Isipotoka, inapakiwa." Nikasema sawa, na mama akawa shahidi.

Mimi mashine siogopi. Cherehani naifungua mpaka skrubu ya mwisho na kuifunga nimefumba macho, na mashine ni mashine, ndivyo nilivyokuwa naamini. Kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa mama na spana zangu. Nilitoa tangi la dizeli likiwa na kutu kama ugali wa mtama, nikaliosha mara nane. Breki na klachi alinisaidia Mzee Shija, fundi mstaafu aliyekuwa akitengeneza malori ya pamba, mtu mwenye mkono wa dhahabu na mdomo wa pilipili. Siku ya kwanza aliponiona nimeshika spana alisema, "Mama Kulwa, hicho si kijiko." Wapwa zangu wakacheka, naye akafurahi kuchekewa, tangu hapo akawa kila akija ana neno jipya. Mara nisije nikaitia gari chumvi, mara niliangalie lisiungue. Nikawa nameza tu.

Ikabaki difu ya nyuma, lile dude la mviringo katikati ya magurudumu lenye meno ndani, linalopokea nguvu ya injini na kuzungusha matairi. Ilikuwa inavuja oili. Shija akaniambia, "Kuitoa utaitoa. Lakini weka alama, na kabla hujaifunga uniite." Nikaweka alama kwa chaki ya kushonea. Naomba msiulize kwa nini chaki ya kushonea. Nikaiosha difu kwa dizeli, ikang'aa, na alama ikaenda na dizeli.

Sasa hapa ndipo penyewe. Nimeishika ile difu, nzito kama ndama, naitazama. Mviringo. Boliti zimezunguka pande zote sawasawa, matundu yanakubali hivi na hivi. Nikajisemea, kumpigia Shija simu ili aje anitanie mbele ya mama yangu, kwa ajili ya kitu cha mviringo? Sahani ina juu na chini gani? (Ndiyo, najua sahani ina juu na chini. Nimeshaambiwa.) Nikaifunga. Boliti zikakaza vizuri mno.

Kuijaribu niliijaribu, jamani, mimi si mjinga kiasi hicho. Matairi yalikuwa bado mjini yanazibwa, gari limekaa juu ya mawe, nikawasha, nikatia gia, nikamwita mama aliyekuwa ameketi nyuma ya gari anachambua maharage, anitazamie zile ngoma za magurudumu.

"Mayu, zinazunguka?"

"Zinazunguka, mwanangu. Tena vizuri."

Nikazima, nikapiga ishara ya msalaba, nikalala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Siku ya kikao matairi yaliletwa asubuhi, Shija mwenyewe akasaidia kuyafunga, akaniuliza difu niliifunga na nani. Nikamjibu, "Na Mungu." Akaendelea kukaza nati. Watu wakajaa. Wazee wa ukoo kwenye viti, mawifi jikoni, na ndugu yangu Masunga, bila haya, ameshaleta lile lori la vyuma chakavu likasubiri kando ya minyaa na vijana wameshika minyororo! Kama watu waliokuja msibani kabla mgonjwa hajafa. Hilo ndilo lililonipandisha. Nikawaambia akina mama wenzangu wa jumuiya, niliowaalika kushuhudia, pandeni nyuma wote, tunatoka na wimbo. Wakapanda, wakaanza kuimba. Geti liko mbele yangu, wazi, hatua kama thelathini. Nyuma yangu, kwenye turubai, pamba ya Masunga, ya msimu mzima, imechambuliwa nyeupe pe, inasubiri siku ya mzani.

Nikawasha. Ikaitika mara moja, nikaona mama anafuta machozi. Nikatia gia namba moja, nikawapungia wazee mkono kama kiongozi, nikaachia klachi.

Gari likarudi nyuma.

Nikakanyaga breki. Watu wakaguna. Nikacheka kidogo, nikatoa kichwa dirishani, nikasema, "Nimekosea gia." Nikaangalia ile gia kwa macho yangu mawili, nikatia namba moja tena, polepole, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, na kwa kuwa sikutaka izimike mbele ya Masunga nikaongeza mafuta ya kutosha. Jamani. Lilirudi nyuma kama ng'ombe aliyeona nyoka. Akina mama wimbo ukageuka mayowe, viti vikaanguka, wazee wenye magongo wakakimbia bila magongo, na mimi badala ya breki nikakanyaga palepale nilipokuwa nimekanyaga, mpaka nikasikia kitu laini, na mwanga ukapungua, na pamba ikaingia dirishani ikanijaa mdomoni.

Mtu mwenye busara angezima gari. Mimi nilisikia sauti ya Masunga, "Pamba yangu! Pamba yangu!" nikajua nimekwama na lazima nitoke, na nikakumbuka hii ni gari ya kuvuta kwa miguu yote minne. Nikabonyeza kile kirungu cha njano ili magurudumu ya mbele nayo yasaidie, nikatia gia. Mnajua kilichotokea? Ya mbele yakavuta kwenda mbele, ya nyuma yakavuta kwenda nyuma. Mmewahi kuona ng'ombe wawili wa plau waliofungwa wamepeana migongo? Gari likatetemeka, likanguruma, likarusha pamba mpaka juu ya bati la jiko, lisiende popote. Akina mama nyuma weupe kama wametoka kinu cha kusaga, mmoja anasali rozari kwa sauti.

Nikazima. Halafu nikasikia mtu analia. Ni Shija, amekaa chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha, anacheka mpaka machozi. "Difu!" anasema. "Ameiweka... kichwa chini! Gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele!"

Na mama yangu mzazi, badala ya kunitetea, akasema mbele ya ukoo, "Aliniuliza kama zinazunguka. Hakuniuliza zinazungukia wapi."

Masunga hakucheka. Akawapigia mluzi wale vijana wa minyororo, "Pakieni."

Hapo sijui ni nini kilinipanda. Nikaachia kirungu cha njano, nikatia gia ya rivasi, na gari likajikongoja kutoka kwenye pamba, likaenda mbele. Mbele! Kwa mwendo wa kobe, difu inalia kama fisi, pamba imening'inia kwenye bampa, wale akina mama bado wamo kwa sababu waliogopa kushuka, nikawapita wale vijana, nikalipita lori lao, nikatoka getini. Nikafunga breki barabarani, katikati ya mabodaboda waliokuja na simu zao tangu waliposikia wimbo, nikashuka, nikamwambia Masunga, "Imetoka?"

"Gari linaloenda mbele kwa rivasi si gari!"

"Nakuuliza, imetoka au haijatoka? Imesukumwa?"

Wazee walibishana hapo mpaka ubwabwa ukapoa. Mwishoni wakamwachia mama, maana ndiye shahidi. Mama akasema imetoka. Lori liende. Lakini, akasema, pamba ya mwenzako imeingia majani na mafuta, ikienda kwenye mzani hivyo itaitwa fifi, daraja la chini, badala ya safi, kwa hiyo Minza utaichambua, kipande kwa kipande, mpaka iwe kama ilivyokuwa.

Siku sita! Siku sita nimefunga cherehani yangu, nimekaa kwenye turubai nachambua pamba, na Masunga amekaa juu ya kiti kivulini ananionyesha kwa fimbo, "Pale, dada. Umeacha jani pale." Nikitaka kumjibu, mama ananikoholea. Na iliyokuwa na mafuta ilibaki fifi vilevile, hata ningeilamba.

Siku ya saba nilikwenda kwa Shija kwa miguu. Nilijiandaa kutukanwa. Yule mzee hakunitania hata neno moja, akaja, akalala chini ya gari pamoja nami, akanionyesha upande ambao lile gurudumu la meno linatakiwa kukaa, nikaitoa mwenyewe na kuifunga mwenyewe. Akazigusa boliti zangu za zamani akasema, "Ulikaza vizuri, Mama Kulwa. Sijapata kumwona mtu aliyekosea vizuri hivi." Kisha akakohoa, akasema utani wake ndio ulionifanya nisimpigie simu, na kwamba alilala analifikiria hilo. Nikashika kitambaa nikaanza kumfutia spana zake. Hasira nyingine zikikutoka unabaki hujui mikono uiweke wapi.

Nimejiapiza: kitu nilichokifungua kwa mikono yangu sitakifunga tena bila kuuliza, hata kama wa kuulizwa atanicheka mpaka ameze meno. Kuchekwa na mtu mmoja chini ya gari ni dakika mbili tu.

Juzi Masunga alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Hakuna gari la kupeleka pamba yake kwenye mzani. "Dada, mwadila," ananisalimu Kisukuma kwa upole ambao sijamsikia nao tangu utoto. Nikapakia. Akaketi mbele, kando yangu. Nilipogusa tu gia, akashika mlango kwa mikono miwili.

"Kaka," nikamwambia, "tunaenda mbele."

"Najua, dada," akasema, macho ameyafumba. "Wewe twende tu."